Rangi za Nebula: Nani Aliyeziona?

Mtu aliyezoea picha za nebula vitabuni na kwenye kalenda, akiinamia darubini kwa mara ya kwanza, huondoka na masikitiko. Alitarajia wekundu wa waridi na buluu ya bahari kuu. Anachokiona ni ukungu hafifu wa kijivu, rangi ambayo Kiswahili kiliipa jina kutokana na jivu. Ndipo anapouliza: je, picha zile ni za uongo? Swali hili lina uzito, kwani wengi wetu tunaoishi Dubai, London au Chicago tunalala chini ya anga lililomezwa na taa, na huenda picha hizo zikawa ndizo mbingu pekee watakazozijua watoto wetu.

Tuanze na jicho tupu. Abd al-Rahman al-Sufi, mwanafalaki wa Kiajemi aliyefanya kazi Isfahan, alitunga kitabu chake cha nyota zisizohama mnamo mwaka 964. Humo alitaja kiwingu kidogo katika kundi la Andromeda. Leo twajua kwamba kiwingu hicho ni galaksi nzima, lakini hadi miaka ya 1920 kiliwekwa fungu moja na mawingu ya gesi na vumbi, yaani nebula. Mwaka 1610 Nicolas-Claude Fabri de Peiresc, Mfaransa, aliielekeza darubini kwenye kundi la Orion akaiona nebula yake kubwa. Darubini zikakua karne hadi karne, lakini kijivu kikabaki kijivu, isipokuwa kwa nebula chache zenye mng'ao mkali zilizoonyesha ukijani.

Sababu imo ndani ya jicho lenyewe. Katika mwanga hafifu, seli zinazotambua rangi hulala, na zile zinazobaki macho hutofautisha weusi na weupe tu. Seli hizo karibu haziuoni kabisa mwanga mwekundu wa hidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, ambao ndio uliotapakaa katika nebula nyingi. Darubini nayo hulikuza wingu, lakini huutandaza mwanga wake juu ya ukubwa huohuo. Haiwezi kulifanya lionekane lenye mng'ao mkali kuliko lilivyo. Kwa hiyo hata msafiri ambaye angefika karibu na Orion asingeyakuta mawaridi ya kwenye kalenda.

Jicho la pili lilikuwa kipande cha kioo. Tarehe 29 Agosti 1864, huko Tulse Hill, kusini mwa London, William Huggins alikielekeza kifaa cha kuchambua mwanga kwenye nebula iliyomo katika kundi la Joka. Nyota, mwanga wake ukichambuliwa, hutoa utepe wa rangi zote kama upinde wa mvua. Huggins aliona mstari mmoja tu wa kijani, kisha, alipokaza macho, mistari mingine hafifu kando yake. Hizo hazikuwa nyota zilizosongamana. Ilikuwa gesi inayong'aa. Mstari ule haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, basi wataalamu wakabuni elementi mpya wakaiita nebulium. Ilichukua miaka 63 hadi Ira Bowen, mwaka 1927, kuonyesha kwamba ni oksijeni ya kawaida iliyopoteza elektroni mbili, katika gesi nyembamba mno ambamo atomu hupata nafasi ya kutoa mwanga huo bila kugongwa na nyingine. Rangi, kumbe, haikuwa pambo la wingu. Ilikuwa ushahidi wa kile lilichoumbwa nacho.

Jicho la tatu lilikuwa la subira. Tarehe 30 Septemba 1880, Henry Draper wa New York aliipiga picha nebula ya Orion kwa kuliacha bamba lipokee mwanga kwa dakika 51. Mwaka 1883, Andrew Common, akiwa Ealing, London, alipata picha iliyoonyesha nyota ambazo jicho halikuziona hata kwa darubini ileile. Jicho haliwezi kuweka akiba ya mwanga, bamba laweza. Tangu siku hiyo kamera haikuwa tena karani wa jicho.

Hatua ya mwisho ndiyo inayozua ubishi. Picha mashuhuri ya nguzo za nebula ya Tai, iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995, ilitumia machujio matatu: salfa ikapewa nyekundu, hidrojeni kijani, na oksijeni buluu. Hata hivyo mwanga wa hidrojeni ni mwekundu, na wa salfa vilevile. Rangi hizo mbili zingeachwa kama zilivyo, jicho lisingezitenganisha, na mpaka kati ya gesi moja na nyingine ungefutika. Wataalamu walibadilisha rangi ili wahifadhi tofauti.

Kwa wasomaji wa fasihi, kazi hii ina jina: tafsiri. Mfasiri huacha sauti ya maneno ya asili ili maana ivuke, na hatumwiti mwongo kwa hilo. Tunamdai jambo moja tu, kwamba atuambie kuwa amefasiri, na kutoka lugha gani. Kosa basi halimo katika picha ya Hubble, ambayo watengenezaji wake walieleza machujio yao waziwazi. Kosa limo katika kalenda na mabango yanayoichapisha picha na kuyaacha maelezo.

Hapa al-Sufi ana la kutufundisha. Kila kundi la nyota alilichora mara mbili: kama linavyoonekana mbinguni, na kama linavyoonekana kwenye tufe la nyota, ambako kulia hugeuka kushoto. Michoro yote miwili ilikuwa ya kweli, kwa kuwa msomaji aliambiwa amesimama upande gani.