Dirisha Lisilokaa Wazi: Neno na Kifaa kutoka Bahari ya Uajemi hadi Garissa

Makala haya yanahusu kifaa kidogo ambacho wanahistoria wa lugha wamekipita bila kukitazama. Lipo dirisha la mtindo wa Kiingereza lenye vipande viwili vya kioo vinavyopanda na kushuka ndani ya fremu moja. Kamba yake ikikatika, kipande cha chini hakikai juu. Hushuka chenyewe, na mwenye nyumba hukitilia kijiti. Fundi anayetaka kuieleza kasoro hii kwa Kiswahili anayo maneno dirisha, kioo na kamba, kisha husita. Swali letu ni hili: kwa nini lugha iliyopata mapema jina la kitu kizima imebaki na upungufu wa majina ya viungo vyake? Tutalitazama swali hilo kutoka upande wa Garissa, mahali ambapo mtu hatarajii kupata jibu, na kwa sababu hiyo hasa panafaa.

Tuanze na neno lenyewe. Asili ya dirisha ni Kiajemi, darīche, yaani mlango mdogo. Kiarabu cha Ghuba nacho kina darīsha kwa maana hiyo hiyo, tofauti na shubbāk cha Waarabu wengine, ambacho kwetu kimekuwa shubaka na kupata maana ya kishimo cha ukutani. Kisomali kina maneno mawili: daaqad, litokalo katika Kiarabu ṭāqa, na dariishad. Hili la pili yafaa litufikirishe. Imekuwa desturi kudhani kwamba neno la Kiswahili likionekana bara kaskazini mwa Tana, basi limeletwa na karani, askari au mwalimu kutoka pwani ya kusini. Kwa dariishad dhana hiyo haina lazima. Bandari za Banadiri zilifanya biashara na Ghuba kama zilivyofanya Lamu na Mombasa, na lugha mbili zaweza kuchota katika kisima kimoja bila mmoja kumtekea mwenzake. Mwalimu wa Garissa anayemweleza mwanafunzi wake kwamba dariishad ni Kiswahili kilichoharibika anamdhulumu mara mbili: anakosea historia, na anamfanya mtoto aione lugha ya mamaye kuwa ombaomba.

Hata hivyo, nyumba ya asili ya mfugaji wa Kisomali, aqal, haikuwa na dirisha. Ilijengwa na wanawake kwa fito zilizopindwa na mikeka iliyosukwa, ikabomolewa na kupakiwa juu ya ngamia siku ya kuhama. Upepo ulipotakiwa, mkeka ulifunguliwa na kukunjwa. Hapa pana jambo ambalo sijaliona likijadiliwa ipasavyo. Katika Kiswahili, kufungua ni kinyume cha kufunga kwa njia ya kiambishi cha kutengua, na kufunga kwenyewe ni kutia kamba kabla ya kuwa kusukuma ubao. Katika Kisomali, xir hutumika kwa kufunga mnyama kwa kamba na kwa kufunga mlango pia, na fur ni kufungua yote mawili. Lugha hizi hazina nasaba moja, wala siamini kwamba moja imeiga nyingine katika jambo hili. Zote mbili zinakumbuka makazi ambamo kizuizi cha mlangoni kilikuwa kitu cha kufungwa kwa kamba. Katika makazi ya namna hiyo tatizo la kukaa wazi halitokei: mkeka uliokunjwa umekunjwa.

Madirisha yenye fremu yaliingia nchi hiyo pamoja na serikali. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902, na ile ya Wilaya Maalumu ya 1934, ziliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa nchi ya kuingiwa kwa kibali, hivyo fundi wa pwani hakuweza kwenda huko na msumeno wake kama alivyokwenda Nairobi. Majengo ya utawala ndiyo yaliyokuwa mfano. Kule Wajir maofisa walijijengea hata klabu wakaiita ya mashua, Royal Wajir Yacht Club, ingawa bahari iko mbali mno. (Mzaha huo una faida kwa hoja yetu, kama itakavyoonekana.) Dirisha la kupandisha halikushika mizizi huko, wala halikustahili: hata likifunguliwa kabisa, nusu ya uwazi wake hubaki imezibwa na kioo. Kwa joto la Garissa hiyo ni hasara tupu. Dirisha la chuma lenye bawaba, linalofunguka lote, ndilo lililofaa. Nalo lina ugonjwa wake, kwani upepo wa jioni hulibamiza iwapo mkono wake wenye matundu umepinda au umepotea.

Sasa tuje kwenye matengenezo. Katika dirisha la kupandisha, kila kipande huning'inia kwa kamba mbili. Kila kamba hupita juu ya gurudumu dogo lililo katika mwimo, kisha hushuka ndani ya mwimo wenye uwazi na kufungwa kwenye chuma kizito. Vyuma viwili kwa jumla hukaribia uzito wa kipande: kwa kipande cha juu huzidi kidogo, kwa cha chini hupungua kidogo. Fundi hubandua ukingo wa ndani, hutoa kipande, hufungua kifuniko kilicho chini ya mwimo, hutoa chuma, na kupitisha kamba mpya. Akiwa ametia kioo kinene kuliko cha kwanza, kamba mpya haitamsaidia. Mizani imevunjika, na lazima uzito uongezwe.

Je, maneno hayapo? Mabaharia wetu wanayo. Foromali ya jahazi hupandishwa kwa henza, na henza hupita juu ya roda kileleni mwa mlingoti. Chini kuna gofia na abedari, na jarari ikipita kati yake. Roda ni neno la Kireno lenye maana ya gurudumu, na limekwisha kuwa letu. Gurudumu la dirisha ni roda; kamba yake ni henza; uzito ni jiwe la mizani, japokuwa ni la chuma. Chombo kikiwa nchi kavu, miti inayokishikilia kisilale ubavu ni gadi, na kijiti cha mwenye nyumba si kitu kingine. Ama ule mkono wa dirisha la Garissa, kitenzi shikiza kinatupa kishikizo, ambacho wengi wanakijua kwa nguo tu.

Kamati zetu za istilahi zimezoea kuanza na orodha ya Kiingereza na kutafuta kisawe kwa kila mstari. Kwa njia hiyo roda haitapatikana kamwe, kwa sababu aketiye mezani hajapanda jahazi, na wachomeleaji wa chuma wa Garissa, wanaozungumza Kisomali nyumbani na Kiswahili na mteja, hawataulizwa. Kazi ya kwanza ni kwenda kwenye karakana zao na daftari, na kuandika wanachokiita kishikizo katika lugha zote mbili, kabla ya kuwapelekea neno letu.