Karatasi Zilizonusurika Moto

Jioni ya tarehe 23 Septemba 1954, mamia ya watoto waliyavamia makaburi ya Southern Necropolis, katika mtaa wa Gorbals mjini Glasgow. Baadhi yao walibeba visu na vijiti vilivyochongwa ncha. Walikuwa wakimsaka mnyonya damu mwenye kimo cha futi saba na meno ya chuma, ambaye kwa uvumi ulioenea skulini alikwisha kuwaua wavulana wawili. Hapakuwa na mvulana yeyote aliyepotea. Watu wazima, hata hivyo, walihitaji wa kumtwika lawama, nao wakaona magazeti ya katuni za kutisha yaliyotoka Marekani. Kisa hicho kiliongeza kuni katika moto uliokwisha kuwashwa, na mwaka 1955 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwakinga watoto na machapisho ya namna hiyo.

La ajabu ni kwamba jitu la meno ya chuma halikuwa la magazeti peke yake. Meno hayo yalikuwamo kwingine pia: katika shairi la Alexander Anderson, “Jenny wi’ the Airn Teeth”, lililofundishwa katika skuli za Uskochi, na katika sura ya saba ya Kitabu cha Danieli. Shairi halikushtakiwa.

Magazeti yaliyoshtakiwa yalikuwa na historia fupi mno. William Gaines aliirithi kampuni ya EC mwaka 1947, baba yake alipokufa katika ajali ya mashua. Mwaka 1950, akishirikiana na mhariri wake Al Feldstein, alianzisha magazeti matatu ya kutisha: *Tales from the Crypt*, *The Vault of Horror* na *The Haunt of Fear*. Kila moja liliuzwa kwa senti kumi, na kila moja lilikuwa na msimulizi wake, kizee cha kuchukiza kilichomkaribisha msomaji kwa mizaha kabla ya kumwonyesha maiti. Yeyote aliyelelewa na hadithi za bibi usiku ataitambua mbinu hiyo, kwani kicheko hutangulia ili hofu ipate pa kuingilia.

Hapana shaka kwamba mengi yaliyochapishwa na waigaji wa EC yalikuwa takataka. Lakini kurasa za EC zilichorwa na mafundi. Graham Ingels alichora nyama iozayo na nyumba zilizolowa ukungu kwa mistari inayotiririka kama nta ya mshumaa. Johnny Craig alikuwa safi na mtulivu, na kwa hiyo akitisha zaidi. Ray Bradbury alipogundua kwamba hadithi zake zimechukuliwa bila idhini, hakukimbilia mahakamani. Alidai malipo yake kwa adabu, akalipwa, na baadaye hadithi zake nyingine zikachorwa kwa ruhusa yake.

Tarehe 21 Aprili 1954 Gaines alifika kwa hiari yake mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Seneti mjini New York. Alionyeshwa jalada lililochorwa na Craig, la mwanamume aliyeshika shoka na kichwa cha mwanamke, akaulizwa kama lina staha. Akajibu kuwa kwa gazeti la kutisha linayo. Jibu hilo lilimwangamiza. Siku hiyohiyo alitoa ushahidi daktari Fredric Wertham, ambaye kitabu chake kiliyahusisha magazeti haya na uhalifu wa watoto. Mtafiti Carol Tilley alipozipekua karatasi za daktari huyo, alionyesha mwaka 2012 kwamba maneno ya watoto aliowahoji yalikuwa yamebadilishwa na kukatwakatwa.

Lakini wakati huo hukumu ilikwisha kupita. Wachapishaji waliunda kanuni yao mwaka 1954, wakapiga marufuku wanyonya damu na maiti wanaotembea, na hata maneno “horror” na “terror” katika majina ya magazeti. Gaines akayafunga magazeti yake. Miaka kumi baadaye James Warren aliikwepa kanuni hiyo kwa kuchapa *Creepy* katika umbo kubwa na kwa rangi nyeusi na nyeupe, likahesabiwa gazeti la kawaida, na wachoraji kadhaa wa EC wakapata tena kazi.

Mkusanyaji wa leo basi hutafuta kitu kilichokusudiwa kutupwa. Karatasi yenyewe ilikuwa duni, yenye asidi inayoigeuza manjano na kuifanya imeguke kama jani kavu. Vibanio vyake hushika kutu. Isitoshe, tangu mwaka 1948 watoto wa miji kadhaa ya Marekani, ukiwamo Binghamton, walikuwa wamehimizwa kuchoma katuni hadharani. Gaines mwenyewe alikuwa ameweka akiba nakala zipatazo dazeni za kila toleo, zikafungwa na kuhifadhiwa kwa miongo kadhaa hadi Russ Cochran alipoziuza. Nakala hizo ndizo zinazogombaniwa sana, nyeupe kana kwamba zimetoka mtamboni jana.

Tangu mwaka 2000 kampuni ya CGC hulipima gazeti kwa daraja hadi kumi, kisha hulifunga ndani ya plastiki ngumu. Bei hupanda, lakini ukurasa haufunguki tena bila kuivunja plastiki hiyo, na mwenye mali hubaki akilitazama jalada tu. Karibu na chini kabisa ya ngazi hiyo zipo nakala zisizo na jalada, zenye alama za vidole na jina la mtoto lililoandikwa kwa penseli. Hizo huuzwa kwa bei nafuu, na wako wanaozitafuta hizo tu, ili wazisome.