Ilitingisha Minyororo, Ikatoka: Hiyo Nayo Tuite Eisi?

Jamaa kasimama pa kuanzia, karusha diski mara moja tu. Imepinda kwenye miti, ikashuka, ikagonga minyororo ya kikapu chwaa! Washkaji washaanza kuruka. Ghafla diski inachomoka, inadondoka kwenye nyasi. Kimya.

Kwenye gofu ya diski huyo hana eisi. Hata nusu hana. Ila mrusho huohuo, miaka michache tu kabla kikapu hakijabuniwa, ungemfanya abebwe juujuu. Mchezo uleule, diski ileile, jibu tofauti. Ilikuwaje?

Kwa ambao mchezo huu haujawapitia: ni gofu kabisa, ila badala ya fimbo na kimpira unatumia kisahani cha plastiki, na badala ya tundu ardhini kuna kikapu cha chuma kwenye nguzo, minyororo ikining'inia juu yake. (Bado wanakiita "shimo" ingawa hakuna shimo lolote. Tuwaache na mambo yao.) Ukimaliza shimo kwa mrusho wa kwanza, hiyo ndiyo eisi.

Zamani hata kikapu hakikuwepo. Mwaka 1926 huko Bladworth, Saskatchewan, nchini Kanada, watoto wa shule walikuwa wanacheza gofu kwa kurusha mifuniko ya makopo. Miaka mingi baadaye Wamarekani wakawa wanalenga chochote kilichosimama bustanini: mti, pipa la taka, nguzo ya taa. Ukigusa, umemaliza. Na haukuwa utani, maana mwaka 1974 mashindano ya Rochester, New York, yalitoa gari jipya aina ya Datsun B210 kwa mshindi. Gari! Kwa kurusha kisahani!

Mwaka 1975 ukafunguliwa uwanja wa kwanza wa kudumu, kwenye bustani ya Oak Grove huko California. Aliyeupanga ni mzee mmoja ambaye miaka ya 1960 alikuwa kampuni ya Wham-O, akaiboresha Frisbee hadi ikaruka bila kuyumba. Mwanzoni uwanja wake ulikuwa na nguzo tupu, na hapo ndipo kelele zilipoanza. "Imegusa!" "Haijagusa, ni upepo!" Kila siku wimbo huohuo.

Sasa piga hesabu kwa upande wa eisi. Ukiwa mita mbili kutoka kwenye nguzo, kila mtu anaona. Lakini mwenye kudai eisi ndiye aliye mbali kuliko wote, pengine mita themanini. Nani kaona diski ikikwaruza mti? Yeye mwenyewe na macho yake ya tamaa.

Mzee na mwanawe wakachoka, wakachukua minyororo na kikapu, wakaunda kitu cha kuikamata diski. Hati ya ubunifu ilitoka 1977. Kwa maoni yangu hakuna uvumbuzi mkubwa zaidi kwenye mchezo huu, na haukuhusu kabisa kurusha vizuri. Ulihusu kumaliza ubishi. Swali likabadilika kutoka "imegusa?" hadi "imekaa?", na la pili halihitaji shahidi. Unatembea mpaka pale, unaangalia.

Mzee mwenyewe alifariki 2002, na kwa wosia wake majivu yake yakachanganywa kwenye plastiki, yakatengenezwa diski. Huyo alikuwa na mapenzi ya kweli.

Ubishi haukuisha wote lakini. Diski ikitua juu kabisa ya kikapu, kwenye kile kifuniko kinachoshika minyororo? Haihesabiki, hata kama kila mtu anaiona imetulia pale kama kofia. Inauma. Ikinasa ubavuni, kati ya vyuma vya kikapu? Hiyo imesumbua watunga kanuni. Kuna kipindi ilikataliwa kwa sababu haikupita mlango sahihi, baadaye wakalegeza. Na ukirusha ya kwanza ikatoka nje ya mpaka, ukarudia palepale ikazama ndani, shangwe zote lakini unaandika tatu: mrusho, adhabu, mrusho. Nguzo za zamani nazo hazijafa. Viwanja vyenye shabaha za kugonga bado vipo, na pale kugusa sehemu iliyowekewa alama kunatosha.

Kwa nini watu wanakaziana hivi? Pesa, bwana. Kwenye mashindano mengi ya mtaani kuna chungu cha eisi: kila mtu anatoa dola moja moja kabla ya kuanza, atakayepata anachukua zote, asipopatikana zinasubiri wiki ijayo. Chungu kikivimba miezi kadhaa, "imenasa" na "imekaa" si maneno madogo tena.

Cha kuchekesha, mirusho miwili iliyosambaa zaidi mitandaoni haikuwa eisi. Ule wa Oregon mwaka 2016, zaidi ya mita 150, ulikuwa wa pili kwenye shimo. Na ule wa Ogden, Utah, 2021, mita 75 hivi kwenye shimo la mwisho la mashindano ya dunia, ulimfanya mrushaji amfikie aliyekuwa anaongoza, kisha akambwaga kwenye shimo la nyongeza. Ubingwa wa dunia, na eisi hakuna.

Haya, tuseme wewe ndiye unashika chungu, dola mia tatu mfukoni, diski ya mshkaji wako imekaa juu ya kifuniko. Unampa au humpi? Tiririka hapo chini.