Sumaku nyepesi, besi nzito: kutoka Kolwezi hadi Muhoroni

Wasomaji wangu mmezoea kupata hapa habari za programu na hifadhidata. Leo tuweke kibodi kando. Nataka kuandika historia ya kitu ambacho kila aliyewahi kwenda matanga yenye bendi hapa Muhoroni amekiona, ila pengine hakukifikiria: boksi la spika ya gitaa la besi.

Swali lenyewe ni rahisi. Kwa nini boksi la zamani hubebwa na wanaume wawili wakihema, na la kisasa hubebwa na mtu mmoja kwa mkono mmoja? Jibu fupi ni sumaku ya neodimi. Jibu refu linapitia Zaire, na ndilo tamu zaidi.

Kwanza tukubaliane kwa nini jambo hili linatuhusu. Huku kwetu muziki ni benga. Sikiliza Shirati Jazz ya D.O. Misiani (alizaliwa Shirati, Tanzania, mwaka 1940, akafariki kwa ajali Kisumu mwaka 2006) au Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee. Besi ya benga haijifichi nyuma. Inakimbia, inajibizana na gitaa la solo, na ikizama wachezaji wanarudi kukaa. Waya mnene wa gitaa la besi hutoa mtetemo wa hezi 41 hivi, na kuusukuma mtetemo huo ukafika mwisho wa uwanja kunahitaji spika yenye nguvu.

Ndani ya spika kuna koili ya waya iliyogandishwa kwenye koni, nayo hukaa ndani ya uga wa sumaku. Umeme ukipita, koili inasukumwa mbele na nyuma. Sumaku ikiwa dhaifu, inabidi iwe kubwa ili kufanya kazi ile ile. Basi historia ya uzito wa spika, kwa sehemu kubwa, ni historia ya sumaku.

Alniko na vita vya Shaba

Spika nyingi nzuri za zamani zilitumia alniko, yaani mchanganyiko wa chuma na alumini, nikeli na kobalti. Sumaku za jamii hii zilianzia Japani, kwa Tokushichi Mishima, mwaka 1931. Tatizo lilikuwa kobalti. Mzalishaji mkuu duniani alikuwa Zaire, na kobalti yake ilitoka Katanga, mkoa ambao Mobutu aliupa jina la Kiswahili, Shaba, mwaka 1971.

Mei 1978 waasi wa FNLC waliokuwa na makao Angola waliuteka mji wa migodi wa Kolwezi. Askari wa Ufaransa walishuka kwa miavuli tarehe 19 mwezi huo. Watu wengi waliuawa, wataalamu wa kigeni wakakimbia, na wanunuzi wa kobalti wakashikwa na hofu. Bei rasmi, ambayo mwanzoni mwa 1978 ilikuwa chini ya dola 7 kwa ratili, ilifika dola 25 mwaka 1979. Kwenye soko huria ilipita hapo.

Watengenezaji wa spika hawakuwa na la kufanya ila kuikimbia alniko. Wengi walihamia feraiti, sumaku inayotengenezwa kwa oksidi ya chuma pamoja na bari au stronti. Ni rahisi na haina kobalti hata chembe. Lakini nguvu yake kwa ujazo ni ndogo, hivyo spika ikabandikwa kitumbua kikubwa cha sumaku mgongoni. Hicho ndicho kitumbua unachokiona ukifungua boksi lolote la kawaida Kisumu.

Neodimi

Mshtuko ule wa kobalti uliwasukuma pia watafiti. Ilitafutwa sumaku kali ya chuma isiyohitaji kobalti. Masato Sagawa wa Sumitomo Special Metals huko Japani, na John Croat wa General Motors huko Marekani, waliipata kila mmoja kwa njia yake, na habari zikatangazwa kwenye mkutano mmoja Pittsburgh, Novemba 1983. Ni neodimi, chuma na boroni. Nguvu yake kwa ujazo yaweza kufika mara kumi ya feraiti.

Haikuingia kwenye spika siku hiyo hiyo, maana ilikuwa ghali. JBL waliitumia kwenye spika zao za EON mwaka 1995, na miaka ya 2000 ikaenea kwenye maboksi ya besi. Tazama tofauti. Boksi la Ampeg SVT-810E, mrithi wa lile la mwaka 1969, lina spika nane za inchi 10 na uzito wa kilo 64 hivi. Maboksi mawili ya Aguilar SL 410x yana spika nane za inchi 10 pia, na kila moja ni kilo 22 hivi.

Lakini tusiipe sumaku sifa zote. Wenzangu wa programu mnajua: kabla ya kuharakisha kitu, pima muda unapotelea wapi. Uzito nao ulipotelea sehemu tatu: sumaku, mbao na amplifaya. Plaiwudi nyepesi na amplifaya za daraja D zilifanya sehemu yao.

Isichoweza kufanya

J. Anton Hofmann, ile H ya kampuni ya KLH, alieleza kanuni ambayo haijavunjwa bado: boksi dogo, besi ya chini kabisa, sauti kubwa kwa umeme kidogo, chagua mawili. Neodimi inapunguza kilo, haipunguzi hewa inayohitajika ndani ya boksi.

Pili ni joto. Sumaku ya kawaida ya neodimi huanza kupoteza nguvu ikipita nyuzi 80 hivi, ndiyo maana nyingine huongezwa disprosi. Feraiti huvumilia zaidi. Joto lenyewe hutoka kwenye koili inayopigishwa kupita kiasi, si kwenye jua la Muhoroni.

Tatu ni bei. Uchina, iliyokuwa ikitoa karibu madini yote adimu duniani, ilipunguza kiasi cha kuuza nje mwaka 2010, na mwaka 2011 bei zikapaa. Baadhi ya watengenezaji wakarudi kwenye feraiti. Kisa cha 1978 kilijirudia, kwa madini mengine. Na mawe yenye madini haya tunayo: Mrima kule Kwale, Ngualla kule Tanzania.

Mpiga besi wa Muhoroni afanye nini?

Hesabu yake ni ya usafiri. Akialikwa Koru au Chemelil, boksi zito linataka pikapu, na pikapu inakula malipo ya usiku mzima. Boksi jepesi linapanda boda boda. Kwa anayehama kila wiki peke yake, neodimi hurudisha gharama yake, na mgongo humshukuru.

Lakini spika ikiungua, ya feraiti ni rahisi kuipata Kisumu au Luthuli Avenue, Nairobi. Ya neodimi huenda ukaiagiza na kuingoja huku kazi zikipita. Kwa hiyo klabu ambayo boksi lake halitoki ukumbini haina sababu ya kulipia wepesi. Inunue feraiti, na pesa zinazobaki ziongezwe kwenye malipo ya bendi.