Chambo ya ndoano: chimba minyoo, acha vitoto vya samaki

Wavuvi wa ndoano ku Kyavinyonge, katika teritware ya Beni, wanahitaji chambo kila siku. Kuna wenye kuvuta mustikere ku kando ya ziwa Edouard ili kukamata samaki ndogondogo. Lakini matundu yake ni madogo sana: inabeba hata vitoto vya tilapia, samaki ambayo ingekomaa na kuuzwa ku soko ya Beni na Butembo. Tena, mustikere yenye dawa ya mbu ni sumu kwa samaki.

Minyoo ya udongo haiombi franga. Chimba asubuhi kisha mvua, chini ya migomba ao kando ya mbolea ya ng'ombe. Iweke ndani ya kopo pamoja na udongo wenye maji kidogo, toboa kifuniko, uache ku kivuli. Jua inaiua mbio.

Kambale anatafuta chakula usiku, kwa harufu na kwa ndevu zake. Ingiza mnyoo mzima ku ndoano, ufiche ncha, uache ishuke hadi chini.

Ziwa iko ndani ya mbuga ya Virunga: mahali samaki wanazalia ni marufuku kuvua, hata kama ni kutafuta chambo tu.