Yuda Alikufaje?

Tukisoma habari za mwisho wa Yuda Iskariote twakuta mashahidi wawili wasiosema mamoja. Mathayo, sura ya 27, aeleza kwamba Yuda alijuta, akavitupa vile vipande 30 vya fedha hekaluni, akaenda kujinyonga. Nao makuhani wakanunua konde la mfinyanzi liwe mahali pa kuzikia wageni. Lakini katika Matendo ya Mitume, sura ya 1, Luka aeleza kwamba Yuda mwenyewe alipata konde kwa ujira wake, akaanguka, akapasuka.

Vijana wetu wa darasa la kipaimara huyaona haya. Je, tuwanyamazishe?

Kanisa la kwanza liliyaona pia. Papias, Askofu wa Hierapoli mwanzoni mwa karne ya pili, alikuwa na habari ya tatu: kwamba Yuda alivimba mwili kupita kiasi. Biblia ya Kilatini iitwayo Vulgata ikajaribu kupatanisha, ikaandika katika Matendo kwamba alijinyonga, ndipo akapasuka. Lakini Kiyunani cha Luka hakina neno hilo la kujinyonga.

Liko na fumbo jingine. Mathayo amtaja Yeremia, hali maneno ya fedha zile yako karibu zaidi na Zekaria, sura ya 11. Nakala nyingine hazikuwa na jina la Yeremia. Augustino, akiandika karibu na mwaka 400, angaliweza kuzikimbilia hizo akapumzika. Alikataa. Alisema nakala zilizo nyingi, na za Kiyunani zilizo za kale, zina jina hilo. Tena mtu ana sababu ya kulifuta, wala hana sababu ya kuliongeza.

Huo ndio uaminifu, ndugu zetu. Imani isiyoweza kustahimili swali la kijana haitastahimili majaribu ya dunia. Tusiongeze kamba ambapo Luka hakuiandika, wala tusifute jina ili tupate raha.

Tena tuangalie wanapokubaliana: msaliti alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili, fedha ilipokewa, na konde likaitwa la Damu. Katika Matendo, anayesimama kusema kwamba Yuda alihesabiwa pamoja nasi ni Petro, aliyemkana Bwana mara tatu. Hakusema kama mtu asiye na doa. Nasi tusimtaje Yuda kana kwamba tu mbali naye.

Bwana atulinde sote. Amina.