Nyumba na Wenyewe: Magofu ya Gede, Pate na Takwa katika Simulizi na Ushairi

Mintarafu ya miji ya kale ya pwani yetu, vitabu vya kuwaongoza watalii vina msemo mmoja usiochoka kurudiwa: "mji uliopotea". Gede, iliyo takriban kilomita 16 kusini mwa Malindi, ndiyo iliyobandikwa jina hilo zaidi ya mingine yote. Makala haya yanakusudia kuuliza swali ambalo wahakiki wa fasihi hatujalipa uzito unaostahili: ulipotea kwa nani?

Haukuwapotea Wagiriama waliolima kando ya msitu wake, wala Waoromo ambao inasemekana ndio waliolipa gofu hili jina lake la sasa. Ulipotea katika maandishi. Wareno walikaa Malindi kwa sehemu kubwa ya karne ya 16 hadi walipohamishia makao yao Mombasa mwaka 1593, ilhali kumbukumbu zao hazitaji mji wowote tunaoweza kuutambua kwa yakini kuwa ndio Gede. John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, aliuzuru mwaka 1884. Serikali ya kikoloni iliuweka chini ya hifadhi mwaka 1929, baada ya watu kuanza kubandua vyombo vya kaure vya Kichina vilivyopambia kuta. Kisha James Kirkman akaja kuufukua, kuanzia 1948 hadi 1958.

Mchango wa Kirkman haukanushiki. Kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 wa Miladia, lilimpa kigezo cha kukadiria umri wa vyombo, na kwa vyombo hivyo akaweza kukadiria umri wa kuta. Yeye pia alichunguza sababu za kuhamwa kwa mji mwanzoni mwa karne ya 17: uvamizi wa Wazimba mwaka 1589, kuhama kwa mtawala wa Malindi, msukumo wa Waoromo kutoka kaskazini, na maji ya visima yaliyozidi kushuka. Hayo wanahistoria wameyajadili vya kutosha.

Linalotuhusu sisi ni majina. Katika ramani ya Gede mna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Hata kaburi tulilolitaja hujulikana kwa tarehe yake. Mwanaakiolojia hakuwa na la kufanya: aliita nyumba kwa kile alichookota sakafuni, kwa kuwa jina la mwenye nyumba hakulipata. Lakini athari yake kwa msomaji ni nzito. Mji mzima wa Waswahili, wenye msikiti wa jamii, kasri na mitaro ya maji, umekuwa ghala la bidhaa za ng'ambo zisizo na mnunuzi. Mzuru hutoka akizikumbuka China na Venice; aliyeketi barazani jioni hamkumbuki, kwa sababu hakutambulishwa kwake.

Sasa tuweke kando ya ramani hiyo utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa karibu na mwanzo wa karne ya 19, Pate ilipokuwa imeporomoka. Vitu ni vile vile: kaure, vidaka, taa, kumbi za mawe. Ila mshairi haviokoti. Anaviona mahali pake vilipokuwa, kisha anaona popo na buibui waliovirithi. Zaidi ya hayo, anawataja waliokuwa wakiishi humo kwa majina, wakiwamo wa ukoo wake mwenyewe. Wahakiki wengi, tangu toleo la William Hichens la mwaka 1939, wameusoma utenzi huu kama mawaidha juu ya ubatili wa dunia. Usomaji huo ni sahihi, kwani mshairi anauasa moyo wake waziwazi. Lakini tunadhani haujitoshelezi. Mawaidha yangeweza kutolewa kwa gofu lolote, hata lisilo na jina. Uchungu wa Al-Inkishafi unatokana na kuwa msemaji anaijua nyumba hii ilikuwa ya nani, na hilo ndilo linaloufanya utenzi kuwa pia hati ya kihistoria.

Kwa mtazamo huu, hata hekaya za mizimu ya Gede zinapata sura nyingine. Wenyeji husimulia kwamba roho za wakazi wa kale zingali humo, na kwamba achukuaye kitu hufikwa na msiba. Kirkman mwenyewe aliandika kwamba alipoanza kazi alihisi anatazamwa na mtu aliye nyuma ya kuta. Vitabu vya watalii hutumia masimulizi haya kama kitoweo, na miongoni mwetu wasomi wapo wanaoyaona kuwa ushirikina usiofaa kuchunguzwa. (Nimewahi kuwasikia wanafunzi wangu wakicheka mahali ambapo mzee aliyekuwa akitusimulia hakucheka.) Kimuundo, hata hivyo, hekaya hiyo inasema jambo ambalo ramani haisemi: nyumba hizi zina wenyewe. Simulizi imepoteza majina yao, lakini imekataa kuwapoteza wao. Tusidai kwamba miiko hiyo ilitosha kuulinda mji. Walioibandua kaure hawakuiogopa.

Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni heshima kubwa, na itawaleta wageni zaidi. Kwa hiyo suala la nani atakayewasimulia, na kwa kutumia matini zipi, halikubali kuahirishwa. Masimulizi ya wazee wanaouzunguka msitu ule yanastahili kurekodiwa kwa taratibu zile zile tunazozitumia kwa tendi, pamoja na tofauti zake na migongano yake.

Mfano wa kulinganisha tunao katika kisiwa cha Manda. Takwa ilihamwa karne hiyo hiyo ya 17, na kaburi lake la mnara lina maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria. Nayo ni gofu, nayo imefukuliwa na Kirkman, mwaka 1951. Lakini watu wa Shela, ambao hujihesabu kuwa ni wazao wa waliohama Takwa, hulizuru kaburi hilo mara mbili kwa mwaka kuomba mvua. Mkondo wa mikoko unaoingia huko hupitika kwa mashua maji yanapojaa tu, na mtalii mwenye kamera husubiri bamvua ile ile anayoisubiri mwenye kwenda kuomba dua.